Eddah Ouko na Diski Iliyojaa Pasipo Kitu

Eddah Ouko hakusomea kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaokuja kiwandani kwetu siku hizi, na vyeti vyao vya wiki sita vilivyofungwa kwa plastiki, hudhani kwamba mwanamke yule wa chumba cha mashine alitoka chuo fulani cha Nairobi. Hakutoka chuo. Alitoka kwenye vumbi.

Nilikuwa karani wa masjala wa kiwanda hiki cha chai, huku juu upande wa Kimulot, kwa miaka thelathini na mmoja. Masjala ni chumba cha vitabu. Kila kilo ya jani iliyoingia, kila lori, kila joto la mashine ya kukaushia, vyote vilikuwa na kitabu chake na rafu yake, nami niliweza kukitoa kitabu chochote gizani. Siku hizi rafu zile wamewekea makopo ya rangi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mimi, katika watu wote, naandika habari za mtu wa kompyuta, namjibu kwamba naandika habari za mtu aliyejua kazi. Walio hivyo hawakubaki wengi, na sichagui tena wanatumia chombo gani.

Baba yake alitoka Nyakach mwaka wa sitini na tatu akaja kuchuma chai katika shamba la wazungu. Eddah alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, akakua akisema Kipsigis kama sisi, akafika kidato cha pili, karo ikakatika. Mwaka wa themanini na tano kiwanda kikamwandika katika chumba cha kuchagua chai. Asiyekijua chumba kile asikiombe. Chekecheke hutikisika mchana na usiku kutenga chai kubwa na chai ndogo, na nyuzi laini za jani kavu hupaa hewani kama unga wa posho mili, ila unga huo ni mwekundu na hauteremki. Hukaa kwenye nyusi, hukaa kwenye chakula, hukaa ndani ya kifua. Eddah alikohoa miaka mitatu. Mwaka wa tatu alianguka kati ya chekecheke mbili, midomo imekuwa rangi ya majivu. Daktari aliandika kwenye karatasi, nami niliifungulia jalada kwa mkono wangu: mtu huyu asirudishwe kwenye vumbi.

Meneja wa wakati ule alikuwa mtu anayesoma karatasi. Akamweka kwenye swichibodi ya simu. Hapo Eddah alipata sauti yake. Alijua kila laini, na alikuwa na utaratibu wa kumngoja mtu amalize sentensi kabla ya kuchomoa waya. Fujo za kikabila za mwaka wa tisini na mbili zilipokuja, yeye na mama yake walikwenda kukaa kwa ndugu ng'ambo ya Sondu, wakarudi mambo yalipotulia. Kiti chake kilikuwa bado kinamngoja. Sina maneno zaidi kuhusu mwaka ule. Majirani waliomsaidia kufunga mizigo wanajijua, na waliomtazama tu wanajijua.

Mashine ililetwa mwaka wa tisini na nne. Ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa, linaendeshwa na kitu kiitwacho Unix, na nyaya zake zilikwenda kwenye mizani ya kupokelea majani, kwenye mashine za kukaushia na kwenye ofisi ya meneja. Iliwekwa katika chumba cha swichibodi kwa sababu hapo tu ndipo palikuwa na soketi isiyotoa cheche. Fundi aliyeileta, kijana aitwaye Ratemo, alimfundisha Eddah siku mbili, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameketi karibu, kisha akarudi Nairobi. Mwaka uliofuata simu zikawa za kujipigia mwenyewe, swichibodi ikang'olewa. Eddah akabaki na sanduku.

Meneja mpya, Bwana Mosoti, alipenda vitu vipya kuliko vitu vinavyofanya kazi. Vitabu vyote vya mizani na vya ukaushaji vilifungwa na kufuli. Mizani ikatoa risiti kwa amri ya sanduku. Sanduku likinyamaza, mizani nayo inanyamaza, na malori yanasimama barabarani huku majani yakipata moto ndani ya magunia. Jani lililopata moto hivyo hugeuka jekundu kabla ya wakati wake, na hakuna fundi wa kulirudisha.

Sasa nieleze kilichojaza diski. Sanduku lile lilikuwa na programu moja kubwa iliyofanya kazi bila kulala, na programu hiyo iliandika kila ilichokiona katika faili moja ambalo wenyewe huliita logi. Lori limefika, inaandika. Gunia limepimwa, inaandika. Mwezi wa Novemba mwaka wa tisini na tano, Ratemo alikuja akaunganisha vipimajoto vya ukaushaji, na kuanzia siku hiyo joto likaandikwa kila sekunde kumi. Kitabu cha karatasi kina ukurasa wa mwisho, na karani akiufikia anajua. Logi haina ukurasa wa mwisho. Inakua tu mpaka diski nzima inajaa, kisha kila kitu kinasimama.

Ilisimama mara ya kwanza Januari ya tisini na sita. Eddah alipiga simu Nairobi, Ratemo akamwambia azime, awashe, afute logi. Ikaenda.

"Na ikijaa tena?" Eddah akamwuliza.

"Futa tena, madam."

"Na ikijaa Jumamosi nikiwa kanisani?"

"Basi ufute Ijumaa," Ratemo akasema, akakata.

Eddah ni Msabato, na Jumamosi hagusi mashine hata meneja alie. Tena hakupenda neno lile la kufuta. Chai yetu huonjwa Mombasa wiki kadhaa baada ya kutoka hapa, na lalamiko likija kwamba chai ya siku fulani iliungua, wa kuamua ni kitabu cha joto la siku ile. Ukifuta, umeunguza shahidi. Aliketi na kitabu cha maelekezo, cha Kiingereza, kinene kama Biblia ya mimbari, akakisoma jioni baada ya jioni. Mimi nilikuwa nikipita namwona.

"Unatafuta nini humo?" nilimwuliza siku moja.

"Natafuta jinsi hii mashine itabadilisha kitabu yenyewe, mzee. Kama ulivyokuwa ukibadilisha wewe."

Nilimwambia mashine haina mikono. Lakini nilivuta kiti.

Alichoandika kilikuwa kifupi, mistari kumi na mitatu. Kila Jumapili saa mbili asubuhi, logi ya wiki inapewa jina jipya lenye namba moja. Iliyokuwa namba moja inakuwa mbili, ya mbili inakuwa tatu, hivyo hivyo mpaka kumi, na ya kumi ndiyo inayotupwa. Logi mpya tupu inafunguliwa kwa jina lile la zamani. Ya namba moja inabanwa ili ichukue nafasi ndogo. Ndani ya Unix mna programu ndogo iitwayo cron, ambayo kazi yake ni kuangalia saa na kuamsha wengine. Hiyo ndiyo aliyoikabidhi mistari yake. Tulibishana juu ya ile kumi. Mimi nilisema kitabu hakitupwi kamwe, nami sikuwahi kutupa hata kimoja. Yeye akasema, "Mzee, wewe ulikuwa na chumba kizima. Mimi nina diski. Lalamiko la Mombasa halijawahi kupita wiki nane." Nikaikubali kumi yake, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimempa hesabu ya hizo wiki nane.

Jumapili ya kwanza ya Februari alikwenda kutazama. Majina yalikuwa yamebadilika sawasawa, na logi mpya ilikuwa tupu, kama alivyotaka. Akafurahi, akaenda nyumbani kupika.

Katikati ya Machi mashine ikasimama mara ya pili.

Mvua ilikuwa imeanza na majani yalikuwa mengi. Malori saba yalipanga foleni mpaka kwenye daraja. Eddah aliuliza mashine swali kwa amri moja: diski ina nafasi kiasi gani? Ikajibu: hakuna, imejaa. Akauliza kwa amri nyingine: mafaili yote yaliyomo, ukiyajumlisha, ni mzigo gani? Ikajibu: nusu tu ya diski. Diski ilikuwa imejaa pasipo kitu. Akafungua logi zake za Jumapili, ile ya wiki ya kwanza ikiwa na maandishi, na nyingine zote, pamoja na ile ya wiki hiyo, zikiwa majina matupu. Akazima, akawasha. Nafasi ikarudi, malori yakaingia, na kumbukumbu za wiki tano hazikuonekana tena.

Bwana Mosoti alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi, makusudi.

"Rekodi za joto za Februari ziko wapi?"

"Sijui, bwana."

"Hujui. Nani anajua? Mimi?"

"Nitajua. Nipe muda."

"Fundi anasema ungefuta tu. Nani alikutuma kuandika maprogramu?"

Hakungoja jibu.

"Basi sikiliza. Ikisimama tena, siku inayofuata uko chumba cha kuchagua chai. Hakuna swichibodi ya kukurudisha. Na usiizime ovyo. Mwezi wa nne kiwanda hakipumziki hata dakika."

Nilikwenda kwake baadaye na jalada lenye barua ya daktari. Alisema barua ni ya zamani. Barua haizeeki, nilimwambia, ni mtu anayezeeka. Akanionyesha mlango.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa. Eddah aliisimamisha ratiba yake ili asipoteze kumbukumbu nyingine, logi ikaachwa ikue, na diski ikawa inajaa mbele ya macho yake siku kwa siku. Alipiga hesabu akapata katikati ya Aprili. Kila asubuhi aliandika asilimia kwenye kiganja. Sikuwahi kumwona analia. Nilimwona jioni moja, kama saa moja, akipita mbele ya chumba cha kuchagua chai, na alipofika pale alivuta kitambaa mdomoni na kuongeza mwendo, kama mtu anayepita kwa mbwa anayemjua.

Katika kiwanda kizima kilikuwa kimebaki kitabu kimoja tu cha karatasi, cha geti. Hapa sina budi kueleza desturi, maana waliokuja juzi hawaijui.

Zamani kitabu hakikubadilishwa kwa kukiweka tu mezani. Karani wa masjala alikwenda mwenyewe na kitabu kipya. Anayeandika alimaliza mstari wake, akapiga mstari wa wino, tukatia sahihi wote wawili, kisha akanikabidhi kitabu cha zamani kwa mikono miwili. Baada ya hapo alisimama mikono mitupu. Ndipo nilipompa kipya. Katikati hapo hakuna gunia lililopimwa wala lori lililopita, hata dereva awe nani. Askari na makarani wote walifundishwa hivyo hivyo: kitabu hakiachwi, kinapokelewa. Mosoti aliita jambo hili upotevu wa wakati. Ilichukua dakika tatu.

Mwisho wa Machi nilikwenda Siongiroi kumzika shemeji yangu, nikakaa huko mpaka Pasaka ikapita. Kwa hiyo tarehe mosi Aprili Mosoti alimtuma Eddah kubadilisha kitabu cha geti. Akampa kipya, akampa na kibandiko cha kubandika juu ya cha zamani: KIMEFUNGWA, MACHI 1996. Eddah akakuta Kiplangat, askari wa geti, yuko barabarani anabishana na dereva. Akabandika kibandiko kwenye jalada, akaweka kitabu kipya pembeni, akarudi kwenye diski yake.

Niliporudi Jumanne baada ya Pasaka nilipitia getini. Kitabu kipya kilikuwa pale pembeni, cheupe, hakijaandikwa hata nukta. Kiplangat alikuwa anaandika. Nikageuza jalada la kile alichoandikia. KIMEFUNGWA, MACHI 1996. Ndani yake mlikuwa na siku tisa za Aprili, kwa mwandiko safi kabisa.

Nikamwita Eddah. Alikuja na asilimia yake kiganjani, themanini na moja.

"Kiplangat," nikasema, "hii nini imeandikwa hapa juu?"

"Kimefungwa."

"Na wewe unaandika nini ndani ya kitabu kimefungwa?"

"Naandika malori, boiyot," akasema, yaani mzee kwa lugha yetu. "Malori ilikuja."

"Kitabu mpya uliiona?"

"Niliiona. Iko hapo tu. Si hata inzi hawajaikalia."

"Basi kwa nini hukuandika kwa hiyo?"

Kiplangat akaweka kalamu chini. Alikuwa ametukanwa na alitaka tujue. "Wewe ndiye ulinifundisha. Hakuna mtu alikuja kunitoa kwa hii. Huyu mama alibandika karatasi huko nje, mimi niko ndani, kwa ukurasa. Hata ungeandika jina ya nyanya yangu hapo juu, mimi naandika tu mahali mkono yangu iko. Mtu aniambie, Kiplangat, lete hiyo, chukua hii. Nitaleta."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza Eddah. Nilikuwa na maneno mazuri, nimeyapanga tangu nilipogeuza jalada lile. Lakini nilipomgeukia, alikuwa amekodolea macho kitabu kile chenye jina moja nje na mwezi mwingine ndani.

"Mzee," akasema polepole, "programu haisomi jina."

"Programu gani?"

"Yangu. Nilibadilisha jina la faili. Lakini yenyewe iko ndani, kwa ukurasa. Iliendelea kuandika humo humo. Halafu mimi nikabana lile faili na kulitupa la zamani nikidhani limekwisha, na yeye bado amelishika." Akamtazama Kiplangat. "Ni kama ningemnyang'anya jalada na orodha ya masjala, yeye akabaki na kurasa, anaandika. Hatuzioni, lakini nafasi zinachukua."

"Mimi sijanyang'anywa kitu," akasema Kiplangat.

"Ndiyo hiyo shida," Eddah akamwambia. "Pole, Kiplangat. Nilikukosea."

Akaondoka akikimbia, na yeye si mtu wa kukimbia, kwa kifua kile.

Jibu alilipata kwenye kitabu cha maelekezo alasiri ile ile, kwa sababu sasa alijua anauliza nini. Kuna ishara unayoweza kuipelekea programu inayofanya kazi, jina lake kwa Kiingereza linatokana na kukata simu. Alicheka alipoliona, baada ya miaka saba ya swichibodi. Programu iliyofundishwa ikipata ishara hiyo huachilia faili iliyolishika na kufungua upya lenye jina sahihi. Lakini programu ambayo haikufundishwa ikiipata, inakufa papo hapo. Na kitabu kilichosema kwamba programu yetu imefundishwa kilikuwa cha toleo la tatu. La kwetu lilikuwa la pili.

Ijumaa alimpigia Ratemo. Nilikuwa nimekaa pale.

"Usiguse kitu," Ratemo akasema. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu. "Nitakuja mwezi ujao."

"Diski itajaa Jumatatu."

"Zima uwashe Jumapili."

"Nimekatazwa kuzima."

"Basi ni shauri yenu na meneja wenu."

"Niambie tu, toleo la pili linasikia ishara?"

Hapo Ratemo, kwa haki yake nasema, alijibu kama mtu mkweli. "Sijui, madam. Sikuwahi kujaribu. Wateja wengine wote wanafuta."

Jumamosi Eddah alikwenda kanisani kama kawaida, na alithubutu kupumzika siku nzima huku diski ikijaa. Jumapili mimi sikwenda kanisani kwangu. Kwa karibu miaka arobaini nilikuwa nimekosa ibada mara tatu. Hiyo ilikuwa ya nne. Nilimkuta katika chumba cha mashine saa moja na nusu. Asilimia tisini na saba.

"Ikifa, utafanya nini?" nikamwuliza.

"Nitaiamsha. Dakika ishirini, kama itakubali. Malori yatangoja, Mosoti atasikia, na kesho nitafunga kitambaa mdomoni. Nisipofanya, inajaa kesho mchana, na kitambaa ni kile kile. Afadhali nianguke nikifanya kazi yangu. Mwambie Kiplangat afunge geti."

Nilikwenda nikamwambia. Kiplangat hakuuliza sababu. Alisikia neno kubadilisha kitabu, akafunga geti na kusimama mbele yake mikono mitupu, kama alivyofundishwa. Dereva wa kwanza aliyefika alikuwa Kipngeno, na lori lililojaa la kutoka Roret. Alipiga honi, kisha akashuka, akapita mlango wa watembea kwa miguu, akaja kushika vyuma vya dirisha letu.

"Mama Kompyuta! Majani yangu itaanza kuiva kama githeri."

"Dakika tatu," Eddah akasema bila kugeuka.

"Tatu ya kwako ama ya meneja?"

"Ya Mzee Isaiah."

"Ai. Huyu? Si huyu ndiye alimsimamisha baba yangu na mvua, ati sahihi?"

"Na baba yako alisimama," nikamwambia. "Simama."

Eddah akaandika amri ya kwanza: jina libadilike. Ya pili: logi mpya ifunguliwe. Kisha akanionyesha kwa kidole. Logi mpya ilikuwa tupu, na ile iliyopewa namba moja ilikuwa bado inakua, kila sekunde kumi, joto baada ya joto. Hapo nilikiona kwa macho yangu: Kiplangat na kitabu chake cha Machi, ndani ya sanduku.

Aliandika ya tatu, ile ishara, na namba ya programu. Akaisoma mara mbili. Hakuomba kwa sauti, sijui kama aliomba kwa moyo. Akabonyeza.

Skrini ya mizani ikanyamaza. Namba ya joto iliyokuwa ikibadilika ikasimama pale pale, tisini na nane. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe, na nilifika kumi na moja.

Joto likawa tisini na saba. Kisha tisini na nane tena. Eddah akauliza ukubwa wa mafaili. Namba moja ilikuwa imesimama. Logi mpya ilikuwa na mistari miwili, kisha mitatu. Akangoja kwanza, kama dakika nzima, ahakikishe kwamba ile ya zamani haishikwi na mtu. Ndipo akaibana. Akauliza diski.

Asilimia hamsini na mbili.

"Imeachilia," akasema, kwa sauti ndogo.

"Naweza kuingia sasa," Kipngeno akauliza, "ama kuna sahihi?"

"Ingia," nikamwambia, "na uwasalimie watu wa Roret."

Eddah hakuondoka mpaka aliporekebisha ile mistari yake kumi na mitatu. Sasa ikawa kumi na saba. Aliongeza ishara, akaongeza kungoja kabla ya kubana, akaongeza mstari wa kumwonyesha kila Jumapili kama logi mpya inaandikwa kweli au ni tupu. Alisema kosa lake kubwa halikuwa lile la jina, hilo lingempata yeyote. Kosa lilikuwa kuona logi tupu na kufurahi. Kisha akairudisha ratiba kwa cron.

Jumatatu Mosoti aliingia saa tano. Alikuwa amesikia habari za geti lililofungwa. Kiwandani habari hutembea upesi kuliko jani.

"Nani alikuruhusu kufunga geti?"

"Hakuna, bwana."

"Na kama mashine ingekufa?"

"Ningekuwa chumba cha kuchagua chai sasa hivi. Ulisema."

Mosoti akaangalia skrini, ambayo hakujua kuisoma. "Imesimama?"

"Haijasimama."

"Itasimama lini?"

"Umeme ukikatika, itasimama. Kwa kujaa, haitasimama tena."

Nilikuwa mlangoni na jalada mkononi. Nimewasikia watu wengi wakimwahidi meneja mambo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akiahidi hivyo, bila "nadhani" wala "Mungu akipenda". Mosoti akasema tutaona.

Akaona. Aprili ikapita na majani yake, Mei ikapita. Mwishoni mwa Mei lalamiko lilikuja kutoka Mombasa juu ya chai ya siku moja ya wiki ya tatu ya Aprili, kwamba ina harufu ya moto. Mosoti alishuka mwenyewe kuuliza. Eddah alifungua logi namba tano, akamchapia bunda zima la kurasa za joto la siku ile, kila sekunde kumi, na joto lilikuwa sawa tangu asubuhi hadi jioni. Kiwanda kiliwajibu Mombasa kwa kurasa hizo, na neno la moto likaisha hapo.

Juni ikaja barua. Aya ya kwanza ilisema kwamba Eddah Ouko ni msimamizi wa mashine, kwa cheo kilichothibitishwa, na kwamba hakuna mtu mwingine, hata fundi wa nje, atakayegusa kitu bila yeye kuwapo. Aya ya pili ilisema kwamba kwa kuwa kumbukumbu za mashine zimeonekana kutegemeka, kitabu cha geti nacho kikome, na masjala ifungwe mwisho wa mwezi.

Alikuja kwangu na barua ile, akasimama mlangoni.

"Mzee, sikuomba hiyo ya pili."

"Najua."

"Ningeikataa ya kwanza kama ingesaidia."

"Isingesaidia," nikasema, "na ungekohoa bure."

Nilimkasirikia wiki mbili, na sitadanganya kwamba sikumkasirikia. Nilipita dirishani kwake bila salamu. Naye kila asubuhi alinisalimia, chamgei, kana kwamba nimeitikia, mpaka siku moja nikaitikia.

Sasa ni mwaka wa tisini na tisa. Bado yuko pale, na viwanda viwili vya jirani vimekwisha tuma watu wao kujifunza ile mistari kumi na saba. Wanakuja na vyeti vyao. Anawaketisha, anawapa kitabu cha maelekezo, anawaacha wasome nusu siku kabla ya kuwaambia neno. Jumapili iliyopita nilimkuta dirisha likiwa wazi, anapumua vizuri, anapiga miluzi.